Naomba ushauri: mtoto mchanga na ng'ombe wananishinda kuchora

Mama_Penseli:
Habari za saa hizi wadau. Naishi shambani na wanangu wawili, nachora kwa penseli mdogo akishalala. Nachora yanayonizunguka: mama mkwe akipepeta, mkubwa akishika kamba tukikamua, mdogo akinyonya. Shida ni kwamba mchanga kila nikimchora anatoka mtu mzima aliyefupishwa, na ng'ombe miguu ya nyuma inakuwa kama ya meza. Nikinakili picha za simu vipimo vinakaa sawa, ila mchoro unapoa. Niache kuchora ana kwa ana?

Kifutio:
Tuanze na ng'ombe. Kile kinachopinda kwa nyuma siyo goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Siku ukimkamua mpapase, utalikuta.

Mtoto mchanga kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote; mtu mzima ni kati ya sehemu ya saba na ya nane. Macho yashushe chini kidogo ya nusu ya kichwa, paji liachie nafasi, shingo karibu uisahau. Wengi tunamzeesha mtoto kwa kumpa shingo.

BabaWawili:
Mie nimekuja kusoma tu 😂 Ila huyo mkubwa mpe karatasi zake mapema. Daftari langu limejaa majua yenye miguu.

Mkaa_Mweusi:
Dada, usiache hata kidogo. Simu ukiisogeza karibu inavimbisha kilicho mbele, ndiyo maana ng'ombe anatoka pua tupu. Chagua kazi zinazojirudia, kama hiyo ya kupepeta. Anza michoro mitatu minne kwenye ukurasa mmoja. Mama akibadili mkao hamia mchoro mwingine, akirudi nawe unarudi. Mistari ya kwanza iwe hafifu, na usifute.

Kisha watazame waliotangulia. Millet, mchoraji Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1814 kwa wakulima, watu wake wa shambani mara nyingi sura hazionekani vizuri, lakini uchovu unauona mgongoni. Käthe Kollwitz wa Ujerumani (1867–1945) alichora sana akina mama na watoto. Angalia anavyoshughulikia mikono. Kwa huyo anayenyonya, mimi ningeanzia pale kiganja cha mama kinapobeba kisogo. Sura ije mwisho.

Mama_Penseli:
Asanteni, hilo la shingo limenichekesha maana ni kweli tupu. Sasa jingine: mama mkwe hataki kuchorwa na nguo za kazi, anasema nimsubiri avae za sherehe. Nifanyeje?

Kifutio:
Mchore na za sherehe, umpe atundike sebuleni. Halafu muombe akuruhusu mikono na ungo tu wakati wa kazi. Hapo sidhani kama atakataa.

BabaWawili:
Na huo mchoro wa sebuleni usimwekee mikunjo yote usoni. Chukua ushauri wangu huo.