MREJESHO: Mama na damu iliyoganda kwenye mapafu

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu mama aliyeletwa Dodoma kutoka Kondoa na bonge la damu kwenye mapafu: madaktari wanajuaje nani yuko hatarini?

Nilimbana daktari mpaka akaniandikia nyuma ya karatasi ya vipimo. Umri kuzidi miaka 80, saratani, ugonjwa sugu wa moyo au mapafu, mapigo ya moyo kuanzia 110 kwa dakika, presha (ile namba ya juu) chini ya 100, oksijeni chini ya asilimia 90. Kila kimoja alama moja. Mwenye sifuri, uwezekano wa kufariki ndani ya siku 30 ni kama asilimia 1 tu. Mama alipata moja: mapigo 118. Ndipo wakampima moyo kwa ultrasaundi kuona kama upande wa kulia umeelemewa. Haukuelemewa, alhamdulillah.

Ukubwa wa bonge haumo kabisa kwenye hesabu hiyo, na ndio uliokuwa ukininyima usingizi!

Sasa yuko nyumbani Area C, anameza vidonge vya kuzuia damu kuganda, si chini ya miezi 3. Aliyeshauri aongeze aspirini, asante ndugu, ila daktari kakataa: asije akavuja damu.