Serpico na ile bahasha: kwa nini asipokee akaitoa sadaka?

Kijana wa Michenzani:
Assalaam alaykum. Jana usiku nimeangalia Serpico, ile ya Al Pacino ya 1973, pamoja na ami yangu. Ami ni karani mstaafu, sinema za bastola hazipendi, lakini hii kaikalia mpaka kahawa ikampoa mkononi. Tukaja kugombana pale Serpico, askari kanzu wa New York, anapoletewa bahasha ya dola 300 asizoziomba. Ami kasema, "Mjinga huyu! Si azipokee, azipeleke madrasa?" Nikamwambia haramu haitolewi sadaka. Kaniuliza, "Basi bora wagawane wezi?" Nikakosa jawabu. Mnasemaje? Na kweli wenzake walimwacha mlangoni apigwe risasi, au ndo chumvi za sinema? Halafu zile ndevu, ni za bandia?

Mpenda Sinema, Vuga:
Ndevu ni zake. Walianza kupiga picha kutoka mwisho wa kisa: Pacino kafuga kwanza, kisha wakawa wanampunguza kidogo kidogo kila waliporudi nyuma.

Risasi ni kweli. Tarehe 3 Februari 1971, Brooklyn, walikwenda kumkamata muuza dawa za kulevya. Serpico anajua Kispanyola, basi katangulizwa abishe hodi. Mlango ukafunguliwa kidogo, akabanwa hapo, akapigwa ya uso. Aliyeita msaada ni mzee wa chumba cha jirani, si wenzake. Desemba mwaka uleule akatoa ushahidi mbele ya Tume ya Knapp, iliyochunguza rushwa ya polisi wa New York, na sikio moja limeshakufa. Tume hiyo iliwagawa polisi wala rushwa mafungu mawili: wala majani, wanaopokea kinachowajia, na wala nyama, wanaokwenda kukiwinda. Askari kanzu wa Harlem, mtaa wa New York, mgao wake wa rushwa ulifika dola 1,500 kwa mwezi! Ami yako anisamehe, lakini yeye yumo kwenye majani.

Koplo Mstaafu, Wete:
Mwanangu, mie nimevaa sare miaka ishirini na mbili hapa Pemba. Msimu mmoja wa magendo ya karafuu niliamka alfajiri nikakuta kipolo cha karafuu mlangoni, pishi nne. Hakuna barua, hakuna jina. Nikawaza hivyohivyo kama ami yako, niwape mayatima. Mke wangu ndiye aliyenizuia. Kasema, "Aliyezileta atajuaje kama umezitoa? Yeye anachojua ni kuwa umepokea."

Nikazichukua kituoni, nikaziandikisha daftarini. Tangu siku hiyo nikiingia, mazungumzo hukatika. Kahawa ya zamu ikawa hainifikii, na zamu za usiku zote zikawa zangu. Hakuna aliyenitukana, wallahi, hata mmoja. Sinema hiyo mwanangu wa kiume aliniwekea mwaka juzi. Ilipofika pale wenzake wanapomkodolea macho tu bila neno, nikainuka nikaenda kutawadha. Sijaimaliza mpaka leo.

Kijana wa Michenzani:
Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea ami hapa barazani, neno kwa neno. Kanyamaza kitambo, anazungusha kikombe. Kisha kauliza: hizo karafuu zilikuwa mbichi au kavu?

Koplo Mstaafu, Wete:
Marahaba. Mwambie kavu. Daraja la kwanza.