Baba alipigana Kagera, majina hayafanani: nianzie wapi?

Binti wa Koplo, Mwanza

Shikamooni wazee wa jukwaa.

Baba yangu alikuwa koplo JWTZ. Alivuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda mwaka 1979 na akarudi mzima. Sasa ana miaka 76 na kumbukumbu zinamtoka. Leo anakumbuka, kesho anatuuliza mama yuko wapi, na mama tulimzika mwaka juzi. Uhakiki wa wastaafu uliopita hakwenda maana alikuwa amelazwa, na tangu hapo pensheni haijaingia. Nilipokwenda kuulizia niliambiwa jina la kwenye rekodi ya jeshi si lile la kitambulisho cha NIDA. Kitabu chake cha utumishi kiliungua na nyumba ya bibi. Namba yake ya jeshi siijui. Nimeshapanda gari mara nne kufuatilia suala hili, na kila dirisha linanipeleka dirisha lingine. Kuna mtu amepita njia hii?

Meja Mstaafu, Musoma

Marahaba binti. Pole kwa mama.

Nitaandika kwa urefu kwa sababu kazi hii ninaifanya tangu nilipovua magwanda. Kila Jumatano barazani kwangu wanakuja askari wastaafu na wajane, na tunaandika barua. Nina daftari lenye majina 63 ya watu niliopigana nao au niliowafahamu baadaye. Majina 38 nimeyawekea msalaba au nyota, kila mtu kwa dini yake. Wengi wao nilishika jeneza.

Ushauri wangu wa kwanza utakushangaza. Acha karatasi kwanza. Tafuta watu wawili waliokuwa naye platuni moja. Karatasi zitasubiri, wazee hawasubiri.

Nikueleze ninavyolijua hili. Nilikuwa luteni usu kutoka chuo cha jeshi Monduli, umri miaka 24, Amin alipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likavunjwa. Machi 1979 nilikuwa Brigedi ya 201 pale Lukaya, ndani ya Uganda. Barabara ile inakatiza kinamasi, kulia maji, kushoto maji. Jioni ya tarehe 10 makombora yakatushukia mbele, yakiwemo ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin, na askari wakatawanyika majini. Wengi wetu walikuwa mgambo, walimu na wakulima waliokuwa vijijini kwao miezi michache tu kabla. Usiku ule nilikusanya watu gizani kwa sauti. Hakuna aliyeitika kwa jina la ubatizo wala la baba yake. Waliitika kwa majina ya utani! "Kibiriti yupo?" "Yupo afande." "Mtemi?" Kimya. Asubuhi Jenerali Musuguri, kamanda wa divisheni yetu, alizungusha Brigedi ya 208 ikawapiga ubavuni, nasi tukarudi mbele. Mtemi hatukumpata.

Kwa hiyo binti, muulize baba jina lake la utani kambini. Kumbukumbu ya mwaka jana inaweza kupotea, ile ya handakini mara nyingi inabaki.

Mwaka 2011 alinijia koplo mmoja mwenye shida kama yako. Jeshini alijiandikisha kwa jina la baba mkubwa aliyemlea, uraiani anatumia la baba mzazi. Miezi kumi na minne hajapata senti, na ofisi moja ilimwambia huenda yeye si yeye. Mtu aliyebeba majeruhi mgongoni! Niliwapata wawili waliolala naye handaki moja Mutukula, mmoja Tarime, mmoja Singida. Kila mmoja akaandika kiapo mbele ya hakimu: huyu ndiye, tulimwita hivi, kamanda wa kombania alikuwa fulani. Tukaambatanisha na kiapo chake cha majina. Viapo vile ndivyo vilivyofungua faili.

Utahitaji pia barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha NIDA na cheti cha hospitali kinachoonyesha alilazwa siku za uhakiki. Toa nakala tatu za kila kitu na usimwachie mtu yeyote ile halisi. Anayekuomba hela ya "kuharakisha", mwache aende zake.

Baba alikuwa kikosi gani? Na nyumbani kwenu ni wapi?

Mjukuu wa Muleba

Naunga mkono. Babu yetu amelala Kaboya kwenye makaburi ya mashujaa. Bibi alihangaika na jina mpaka alipojitokeza mzee aliyekuwa dereva wa lori lao. Yule mzee alifariki mwaka mmoja baadaye. Fanya haraka dada.

Binti wa Koplo, Mwanza

Ahsante sana afande, na wewe ndugu wa Muleba.

Kwetu ni Serengeti. Kikosi hataji, anasema tu "ile iliyoanzia Tabora". Jana usiku nilimuuliza jina la utani. Alinyamaza muda mrefu nikadhani amelala. Akasema "Redio". Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nilikuwa nasema sana." Baba yangu huyu ambaye sijawahi kumsikia akisema sana.

Meja Mstaafu, Musoma

Binti, nimesoma jina hilo nikainuka kwenye kiti.

Sikuwa naye mimi, lakini Redio namsikia kwa watu tangu miaka ile. Jenerali Musuguri alipofariki Oktoba 2024, akiwa na miaka 104, tulikutana wastaafu wengi Butiama. Sajini mmoja wa Bunda alikuwa akituhadithia juu ya Redio aliyekuwa akiimbia platuni njia nzima kwenda Masaka, akauliza kama kuna anayejua alipo. Hakuna aliyejua.

Nimeshampigia. Yupo, macho yamepungua lakini akili ni wembe. Anamjua na mwingine wa tatu aliyeko Nzega. Nitumie namba yako faraghani, nawe jioni mpe baba simu aongee na sajini wake. Usimkatize hata wakirudia rudia. Kaa karibu na kalamu. Mzee akiambiwa "Koplo, namba!" na sajini wake, huenda akaitaja yote. Nimeona ikitokea mara mbili.

Jumatano nitakuwa barazani kuanzia saa mbili. Mkiweza kusafiri mje naye. Nauli ya kurudi iko kwangu.