Naomba ushauri: jina langu ni moja, mitambo inaniona watu watatu

Mwenye Nyumba, Shela

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Shela, Lamu, ambayo vyumba vyake huvikodisha kupitia tovuti moja ya kigeni. Wageni hulipa huko, tovuti hukata ujira wake, na zinazobaki huingia katika akaunti yangu ya benki. Mambo yalikwenda vyema hadi tovuti ilipoamua kuhakiki upya utambulisho wa wenye nyumba wote. Tangu hapo fedha zangu za msimu wa kaskazi zimezuiliwa, ilhali paa la makuti linahitaji kuezekwa upya kabla ya masika.

Kiini cha tatizo ni jina. Kitambulisho na pasipoti vinasema Swaleh Athman Omar, yaani mimi, baba yangu na babu yangu, kama ilivyo desturi yetu. Tovuti ilipokuwa ikinisajili iliuliza jina la kwanza na jina la familia tu, nami nikajaza Swaleh Athman, kwa kuwa ndivyo ninavyojulikana mtaani. Benki nayo inanitambua kama Swaleh Athumani, kwa sababu karani aliyenifungulia akaunti zamani aliandika alivyosikia. Basi kila ninapoipiga picha pasipoti, mara programu husema karatasi inang'aa mno, nami hutoka uani nikaingia ukumbini kutafuta kivuli. Nikifaulu hapo, huniamuru nivue kofia ili uso uonekane vizuri. Nikiivua, huthibitisha kwamba uso ni wangu, kisha ikasema jina si langu. Nikiandika malalamiko, hujibiwa na mashine inayonishukuru kwa subira yangu.

Naomba ushauri katika mambo mawili. Kwanza, nirekebishe nini kati ya tovuti, benki na jina langu lenyewe? Rafiki yangu ananihimiza nibadili jina kisheria, nibaki na majina mawili ili nipumzike. Pili, mke wangu amejaaliwa mtoto wa kiume tunayetaka kumwita Bakari. Nikifuata desturi atakuwa Bakari Swaleh Athman, na kwa hesabu ya mitambo hii familia yake itakuwa Athman na yangu Omar. Je, nimwandike Omar mwishoni, asije akaulizwa siku moja ana uhusiano gani na babake?

Mjukuu wa Nahodha

Pole sana, bwana. Mimi naona rafiki yako ana hoja, kwani mitandao haitabadilika kwa ajili yetu. Punguza majina umalize kazi. Ukiona hilo ni zito, nenda kwa Kadhi akuandikie barua.

Karani wa Mawakili, Malindi

Kaka Swaleh, kwa heshima zote kwa ndugu aliyetangulia, naomba usifuate njia yoyote kati ya hizo mbili. Mahakama ya Kadhi imepewa na Katiba, ibara ya 170, masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu waliokubali mamlaka yake. Tofauti ya tahajia katika rekodi za benki si kazi yake. Kubadili jina kisheria nako hakuishii kwenye karatasi moja. Hati husajiliwa, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha kitambulisho, pasipoti, hati ya nyumba, rekodi za kodi na vyeti vya shule vyote vinapaswa kuifuata hati hiyo. Nimeona majalada ya mirathi yakikwama kwa sababu marehemu aliacha shamba kwa jina moja na akaunti kwa jina jingine. Wewe una rekodi mbili mbovu. Usiziharibu zilizo sawa ili kuwaridhisha watu wa tovuti.

Shika pasipoti iwe msingi. Tazama mistari miwili ya herufi kubwa iliyo chini ya ukurasa wenye picha yako. Kila mstari una nafasi 44, na mashine husoma hapo. Mstari wa kwanza hutanguliza jina la familia, kisha alama mbili za mshale, halafu majina mengine. Kwa hivyo, hata kama mtaani wewe ni Swaleh Athman, mashine inasoma kwamba familia ni Omar, na majina uliyopewa ni Swaleh Athman. Jaza vivyo hivyo kwenye tovuti, herufi kwa herufi.

Ila anza na benki. Ukiirekebisha tovuti kwanza, fedha zinaweza kutumwa kwa jina ambalo benki bado hailijui, zikarudishwa, ukaanza mzozo mwingine. Beba kitambulisho, pasipoti na hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, ikieleza kwamba Swaleh Athumani na Swaleh Athman Omar ni mtu mmoja.

Mpwa wa Faza

Niongeze jambo kuhusu ile mashine yenye shukrani nyingi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mtambo peke yake, na kifungu cha 40 kinakupa haki ya kudai taarifa zisizo sahihi zirekebishwe. Waandikie ukitaja vifungu hivyo, na udai binadamu alipitie jalada lako. Aidha, vijana wa saiba watakuahidi kulimaliza jambo hili mradi uwape ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Usimpe mtu yeyote.

Mwenye Nyumba, Shela

Ahsanteni. Lakini kampuni hii iko ng'ambo. Sheria ya Kenya itaifikiaje?

Mpwa wa Faza

Kifungu cha 4 kinawagusa hata walio nje ya nchi, iwapo wanachakata data za watu walio Kenya. Wakikunyamazia, unaweza kumwandikia Kamishna wa Data. Sikuahidi kwamba watatetemeka, ila barua inayotaja kifungu cha sheria hupelekwa kwenye meza tofauti na ile ya malalamiko ya kawaida.

Bi Mkubwa, Mkomani

Hongera kwa mtoto, mwanangu, na Mungu amkuze. Hilo la benki nawaachia wanaume wa makaratasi. La Bakari naomba unisikilize. Ukimwandika Bakari Swaleh Omar, umemruka baba yako Athman, na hapa Lamu mtoto huyo atakapoulizwa ni wa nani, atataja babu ambaye hayumo katika cheti chake. Kwa nini usimwandike nasaba yake hadi hatua ya nne? Bakari Swaleh Athman Omar. Hujaongeza wala kupunguza kitu, na Omar mnayemtafuta yupo mwishoni, mahali pake.

Karani wa Mawakili, Malindi

Bi Mkubwa ametushinda sote. Nimehesabu: katika ule mstari wa kwanza wa pasipoti, alama ya hati na ya nchi huchukua nafasi 5, zinabaki 39 kwa majina. Jina hilo pamoja na alama zake linahitaji 26. Fomu nyingi zina visanduku vitatu tu, kwa hiyo andika Swaleh Athman pamoja katika cha kati, na uhakikishe cheti cha kuzaliwa kinasoma hivyo kabla hujaondoka dirishani. Kama mtoto ameshasajiliwa, sheria ya usajili wa vizazi inaruhusu jina kubadilishwa ndani ya miaka 2.

Mwenye Nyumba, Shela

Bado hajasajiliwa, alhamdulillahi, na mamake amelipenda jina kwa urefu wake. Nitaanza na benki kama nilivyoelekezwa. Swali la mwisho: cheti changu cha shule kinasema Athumani Omari. Nacho kiingie katika kiapo?

Karani wa Mawakili, Malindi

Ndiyo. Taja tahajia zote katika kiapo kimoja, uambatishe nakala ya kila hati, na uombe nakala za ziada zilizogongwa muhuri. Moja ibaki benki, moja ipigwe picha kwa ajili ya tovuti, na moja uiweke pamoja na hati ya nyumba.