Mizani inayopunja gramu 50: kuungama kunatosha?

Kitengule:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mkristo ana duka la rejareja, mizani yake inapunja gramu 50 kwa kila kilo, naye anajua. Jumapili anaungama kwa machozi, Jumatatu anapima vilevile. Akiulizwa anasema hakuna binadamu mkamilifu, na Warumi 7, ile ya Paulo kulitenda baya asilolipenda, ameikariri. Hiyo ni toba? Na akiacha leo, alichokwisha kula anakifanyaje, maana wateja wengi hawajulikani?

Mzee wa Zamu:
Anayesoma Warumi 7 aendelee na ya 8, inayosema Roho amemweka huru mbali na dhambi. Yohana aliyesema tukidai hatuna dhambi twajidanganya (1 Yoh 1:8) anaongeza mistari michache mbele kwamba ameandika ili tusitende dhambi, na aliyetenda anaye Mwombezi. Huyo ndugu ameshika nusu ya maneno.

Kuhusu kurudisha, Walawi 6:5 inataka kitu chote pamoja na sehemu ya tano juu yake. Tuseme anauza kilo 20 za sukari kwa siku, kilo shilingi 3,000. Gramu 50 ni shilingi 150, kwa siku 3,000, kwa mwezi wa siku 26 ni 78,000. Ongeza 15,600, jumla 93,600. Hiyo ni ya mwezi mmoja na bidhaa moja.

Hiyo ya tano ndiyo nafuu, ya mtu aliyekiri. Mwizi aliyekutwa na kondoo hai alilipa wawili, na akiwa amemchinja au kumuuza, wanne (Kutoka 22). Zakayo, yule mtoza ushuru, alijipangia mara nne bila kukamatwa.

Neema_Tele:
Samahani, mzee, hapo si tunarudi chini ya sheria? Damu ya Yesu imelipa yote.

Mzee wa Zamu:
Mbele za Mungu, ndiyo, na hakuna anayenunua wokovu kwa 93,600. Ila sukari ya jirani bado iko tumboni mwako, dada. Efe 4:28 iliandikiwa watu waliokwisha okoka: mwibaji asiibe tena, afanye kazi apate cha kumgawia mhitaji.

Katekista:
Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki hatua ni tano: kuchunguza dhamiri, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama, kutimiza kitubio, yaani anachoagiza padre. Wengi huanguka kwenye ya tatu. Wanaungama "nimekosa uaminifu" badala ya kusema "napunja mizani kila siku", na kisichotajwa hakiwekewi mpango. Halafu Salamu Maria tatu za kitubio hazirudishi sukari ya mtu. Aliyeiba bado anadaiwa.

Wateja: aanze na daftari la madeni, majina yamo. Awapunguzie deni au awajazie kipimo. Si lazima ajitangaze. Anaweza kumtuma mtu mwingine bila kutaja jina. Sehemu ya wasiojulikana iende kwa maskini. Isiingie kwenye bahasha ya zaka, hiyo ni fedha ya watu.

Fundi Mizani:
Niongeze la dukani, kwa sababu hapo ndipo anaponaswa. Akinunua kilo kwa 2,900 na kuuza 3,000, faida halali ni 100. Akipima gramu 950, sukari imemgharimu 2,755, faida inakuwa 245. Zaidi ya nusu ya faida yake imetoka kwenye wizi! Akirekebisha mizani peke yake, kodi ya fremu itamrudisha kulekule kabla ya mwezi kwisha. Basi siku anayorekebisha, apandishe bei waziwazi hadi 3,150 hivi, au atafute pa kununulia kwa bei nafuu. Wateja wengine watahama, na ajue hivyo mapema asije akashtuka akarudi nyuma.

Mizani ya springi hulegea yenyewe pia. Hilo si kosa mpaka ulijue. Ajaribu kila asubuhi kwa jiwe la kilo moja lililohakikiwa, na kila mwaka aipeleke kwa Wakala wa Vipimo.

Neema_Tele:
Nimeelewa. Na akipunja tena wiki ya pili?

Katekista:
Amrudishie huyo mteja siku hiyohiyo kabla deni halijawa mlima, kisha aende kuungama. Mithali 24:16 inamwita mwenye haki mtu aangukaye mara saba na kuinuka. Ila aangalie alianguka saa ngapi na kwa bidhaa gani. Ikiwa ni jioni, mzigo unapokaribia kwisha, basi jioni apime mtu mwingine.