Naomba ushauri: joto katika trei za kuoteshea kuvu

Ndugu wanachama, salaam kutoka Mafinga. Kikundi chetu kinaotesha kuvu aina ya Aspergillus oryzae juu ya pumba za ngano zilizopikwa kwa mvuke, ili tupate amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari. Unyevu tunauweka karibu asilimia 55 na chumba tunakipasha hadi nyuzi 30, jambo ambalo kwa baridi ya huku mwezi Julai si dogo. Shida ni kwamba kuvu ikishashika kasi hujitengenezea joto yenyewe, hata katikati ya trei hupita nyuzi 40 ilhali pembeni pamepoa, na maji yanayokamuliwa kutoka sehemu hiyo ya katikati huchelewa mno kufuta rangi ya bluu ya wanga uliotiwa iodini, ishara kwamba amilesi yake ni dhaifu. Tumepunguza kina cha pumba na kuzigeuza kwa glavu safi; joto limeshuka, lakini sasa nahofia kwamba kila tunapofunua tunakaribisha Aspergillus flavus, ambayo huzalisha sumukuvu.

Je, trei zinaweza kupozwa bila kufunuliwa? Na kabla ya kupeleka sampuli maabara, kuna kipimo chochote cha awali cha kutofautisha kuvu hizo mbili, ambazo kwa macho zinafanana sana?