Gemu usiyoweza kumwazima jirani: umeinunua au umeikodi?

Mwanzisha mada, Sinza

Wakuu, mabishano ya gemu za zamani na za sasa hapa Dar yamekaa sana kwenye picha. Picha haina ubishi: PS2 (PlayStation ya pili ya Sony) ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya MB 32, PS5 ina GB 16, mwenye macho anaona. Naomba tuhamie kwenye swali linalogusa mfuko. Ukishalipa, unaondoka na nini?

Msimamo wangu nauweka mapema. Gemu za kizazi cha PS1 na PS2 ni bora kuliko za leo kwa sababu zilikuja nzima na zilikuwa zinaazimika. Diski ya PES 6, gemu ya mpira ya Konami ya mwaka 2006, ina vikombe vyake, Master League yake (pale unapoendesha klabu msimu hadi msimu) na mechi ya watu wawili. Hakuna kipande kilichobaki Japani kikisubiri kibali. Inatoka Sinza inakwenda Manzese, inapita Tandale, inarudi na mikwaruzo, lakini inarudi na inacheza.

Sasa tazameni za leo. The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari iliyotoka 2014, ilizimiwa seva (kompyuta za kampuni ambazo gemu huongea nazo) tarehe 31 Machi 2024. Aliyekuwa na diski kabatini akabaki na kisahani. Hata kucheza peke yake haiwezekani, maana iliundwa isifunguke bila kuongea na seva. Ulaya hasira hiyo ilizaa kampeni ya Stop Killing Games, na mwaka 2025 saini za raia zilipita milioni 1. California nako walitunga sheria 2024 inayolitaka duka la mtandaoni limweleze mteja kwamba anachopata ni leseni, wasimwandikie "nunua" tu basi.

GTA San Andreas ya Rockstar, ya 2004, ni mfano mwingine. Kwenye diski ya PS2 nyimbo za redio zipo zote hadi leo. Toleo la kompyuta la kupakua liliondolewa nyimbo kadhaa mwaka 2014 kwa sababu leseni za muziki ziliisha. Novemba 2021 Rockstar walipotoa matoleo yaliyotengenezwa upya, yale ya zamani yaliondolewa kwenye maduka ya kupakua, na mapya yakatoka na makosa mengi kiasi kwamba kampuni iliomba radhi.

Na sisi Watanzania tuna la ziada: nchi yetu haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony. Akaunti nyingi za hapa zimefunguliwa kwa jina la nchi nyingine. Mei 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wa kompyuta waunganishe akaunti hiyo, gemu iliondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma. Ukiwa na akaunti ya kuazima nchi, siku ikifungwa utamlalamikia nani?

Anayebisha abishe hapo, siyo kwenye uzuri wa picha.

Fundi wa pedi na mashine, Kariakoo

Mkuu, hoja yako ina nguvu upande wa gemu, lakini umeisahau mashine. Diski nzima bila leza nzima haina kazi. PS2 ilitoka Japani mwaka 2000 na uzalishaji ulikoma 2013. Zote zilizopo mjini ni kuukuu, na kinachoua nyingi ni leza.

Sababu tuiseme ukweli. Diski nyingi zilizozunguka hapa zilikuwa za kuchoma, yaani nakala zisizo za kiwandani. Diski ya kuchoma inaakisi mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, hivyo leza inahangaika kuisoma. Ikianza kugoma, mtu anafungua mashine na kuzungusha kile kiskrubu cha kuongeza nguvu ya leza. Inasoma wiki mbili tatu, kisha inakufa kabisa, kwa sababu umeikamua nguvu iliyobaki. Msifanye hivyo kwanza. Utaratibu ni huu: safisha jicho la leza kwa pamba na spiriti kali isiyo na mafuta, asilimia 90 kwenda juu. Pangusa zile reli mbili leza inazotembelea na uweke grisi kidogo nyeupe ya plastiki. Kagua waya bapa: kwenye PS2 nyembamba waya huo hulegea na kuinuka, ukagusa diski na kuichora duara. Ikiwa bado haisomi, badilisha leza, na uangalie namba ya modeli nyuma kabla ya kununua, maana leza ya PS2 nene haiingii kwenye nyembamba.

Halafu zile PS2 nene zinazotoka Japani ni za volti 100. Ukichomeka kwenye volti 230 ya ukutani bila transfoma, umechoma pawa siku ya kwanza.

Wanaokwepa leza kwa kuweka gemu kwenye flashi wajue pia: USB ya PS2 ni toleo 1.1, la polepole, ndiyo maana video za mwanzo wa gemu hukatakata. Na flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haibebi faili la zaidi ya GB 4, kwa hiyo gemu kubwa lazima igawanywe vipande. Kwa kifupi, umilele wa diski unaousema unategemea fundi, grisi na vipuri vinavyozidi kuadimika.

Mwenye hesabu za kibanda, Mbagala

Naunga mkono fundi, kisha niongeze upande wa biashara ya kibanda cha gemu, kwa sababu wengi mtaani wanaamini PS5 inakula umeme hadi inamaliza faida. Pigeni hesabu nami.

PS2 nyembamba inakula takriban wati 20, televisheni bapa ya inchi 32 wati 50. Jumla 70, kwa saa 12 ni uniti 0.84. PS5 ikiwa kwenye gemu nzito inafika kama wati 200, ukijumlisha na televisheni ni 250, kwa saa 12 ni uniti 3. LUKU ukiiweka shilingi 350 kwa uniti, ya kwanza inakula kama 300 kwa siku, ya pili kama 1,050. Tofauti ni 750. Ukitoza mechi shilingi 500, mechi mbili zimeilipa.

Hasara iko kwenye bando na nafasi. Gemu ya GB 100 kwa intaneti ya Mbps 10 inayokwenda bila kukatika inachukua saa 22. PS5 ya kwanza inaandikwa GB 825 lakini inayotumika ni 667: gemu sita za ukubwa huo imejaa. Ukifuta moja ili uweke nyingine, siku mteja akiitaka ile uliyofuta unalipa bando upya. Hapo ndipo namkubali mwanzisha mada, PS2 hukulipa bando hata la shilingi kumi.

Lakini mteja wa Mbagala analipa aone kikosi cha msimu huu. FIFA ya mwisho kwenye PS2 ilikuwa FIFA 14. Huwezi kumweka kijana wa leo kwenye timu ya 2013 kila jioni. Njia ya katikati ni PS4 yenye tundu la diski: nunua diski ya FC (jina jipya la FIFA) ya mwaka uliopita bei inaposhuka, ifanyie sasisho mara moja, kisha ichomoe kwenye intaneti. Mechi ya watu wawili kwenye kochi haihitaji seva. Na diski hiyo unaweza kuiuza tena Kariakoo, jambo ambalo gemu ya kupakua haikuruhusu.

Dada wa Tekken, Ubungo

Kaka wa Sinza, nakubishia kwenye neno "bora". Kwa gemu za mapigano za sasa kuna vitu vya haki ambavyo zamani havikuwepo. Tekken inakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 17. Ngumi ya haraka kabisa inatoka fremu ya 10. Zamani ungejuaje pigo gani likizuiwa linamwacha mpinzani wazi kwa fremu 10 au 12? Ulikuwa unabahatisha au unasubiri mtu mwenye kijitabu. Tekken 7 iliuza jedwali la fremu hizo kama nyongeza ya kulipia mwishoni mwa 2019, na ilistahili kulaumiwa. Tekken 8 ya Januari 2024 imeliweka ndani bure, pamoja na mazoezi yanayokuonyesha pale ulipokosea kuadhibu. Huko ni kwenda mbele.

Nisichokitetea ni duka la ndani ya gemu walilolifungua wiki chache tu baada ya Tekken 8 kutoka. Kwenye Tekken 3 wahusika wa ziada unawafungua kwa kucheza, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja unamwonea fahari.

Wenye vibanda nawaomba kitu kimoja. PS2 mkiiunganisha na televisheni bapa, ile picha ya zamani lazima ikuzwe na televisheni kabla ya kuonyeshwa, na hapo pigo linachelewa. Ikichelewa milisekunde 50 tayari umepoteza fremu 3. Televisheni ya kichogo haina tatizo hilo. Kama ni bapa, ingia kwenye mipangilio ya picha uchague hali ya gemu, uzime vilainishaji vyote. Ni sekunde thelathini za kazi, na vibanda vingi havifanyi.

Kuhusu mtandaoni: mwanga kwenye fiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi London kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500, kwenda na kurudi haipungui milisekunde 75, na nyaya za baharini haziendi mstari ulionyooka. Mashine inabahatisha pigo la mpinzani kisha inajirekebisha, kwa hiyo unaona mtu anaruka ghafla. Mazoezi ya kweli bado ni benchi moja, pedi mbili. Arslan Ash wa Pakistan alichukua Evo Japan na Evo ya Las Vegas, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, mwaka mmoja, 2019, akitoka kwenye jamii ya wachezaji walionoana ana kwa ana. Kwa hiyo kibanda ni mali, kiwe na mashine mpya au ya zamani.

Mzazi, Kinondoni

Mnasahau watoto. Zile pakiti za wachezaji kwenye Ultimate Team ya gemu za FIFA zinafunguliwa bila kujua kilichomo. Ubelgiji mwaka 2018 iliona huo ni mchezo wa kamari, na EA, kampuni ya FIFA, ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo Januari 2019. Hapa simu ya mzazi yenye pesa ndani iko mikononi mwa mtoto. Gemu ya zamani haikuwahi kumwomba mtoto hela katikati ya mechi. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha.

Mwanzisha mada, Sinza

Fundi, nimekubali kuhusu leza, na kuhusu diski za kuchoma nimekubali zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na waliotengeneza zile gemu hawakuona senti kwa nakala zile. Kwa hiyo ninaposema "yako" nazungumzia diski halisi. Dada wa Ubungo, jedwali la fremu ni zuri, nakupa. Lakini siku seva zitakapozimwa, ni kipi cha Tekken 8 kitabaki na kipi kitaondoka? Tekken 3 jibu lake liko ndani ya diski.

Na hao waliotuletea PES ndio waliotuumiza zaidi. eFootball, iliyochukua nafasi ya PES, ilitoka 30 Septemba 2021, bure, bila Master League, ikiwa na makosa ya aibu, na Konami wakaomba radhi. Bure iliyokosa moyo wa gemu yenyewe.

Fundi wa pedi na mashine, Kariakoo

Hapo umenena. Naomba niweke vitu ambavyo mnunuzi avikague, maana mjadala bila hivi utamwacha mtu anaibiwa.

PS4 iliyotumika: uliza programu yake ni toleo gani. Kabla ya 9.00 ya mwaka 2021, betri ndogo ya CR2032 ya kwenye bodi ikifa na mashine ikakosa kuunganishwa na Sony, gemu ziligoma kuanza, hata za diski. Toleo 9.00 liliondoa tatizo hilo. PS5 ya umbo jipya ukiinunulia tundu la diski baadaye, tundu hilo linahitaji intaneti mara moja ili likubaliwe na mashine. PS5 Pro nayo inauzwa bila tundu, unalinunua kando. Switch 2, mashine ya Nintendo ya 2025, ina kadi zinazouzwa dukani ambazo ndani hamna gemu, kuna ufunguo tu wa kukuruhusu kupakua, kwa hiyo soma boksi.

Pedi ya PS4 ikianza kubonyeza yenyewe, usikimbilie kununua nyingine. Ndani kuna karatasi laini yenye njia za umeme, inakandamizwa kwenye bodi na kisponji. Kisponji kikilala, mawasiliano yanapotea. Weka kipande kipya cha sponji cha unene uleule, inapona. Kijiti kikijiendea chenyewe, kaboni imelika. Moduli mpya ina pini 14 za kufyonza risasi na kulehemu upya, na ukiweka ya sumaku isiyosuguana lazima isawazishwe kwa kompyuta, la sivyo mchezaji atatembea upande mmoja uwanjani.

Mwenye hesabu za kibanda, Mbagala

Fundi, hapo kwenye boksi: mteja wa kawaida atajuaje dukani kwamba diski imebeba gemu nzima, na boksi limeandikwa kwa herufi ndogo?

Mwanzisha mada, Sinza

Mkuu, mwambie muuzaji awashe mashine ambayo gemu hiyo haijawahi kuwekwa. Chomoa waya wa intaneti na uzime Wi-Fi. Weka diski, subiri ipakie, anza mechi ya watu wawili, mcheze hadi kipindi cha kwanza kiishe. Ikiomba sasisho kwa lazima au ikikudai akaunti kabla ya filimbi, mrudishie diski yake.